Chupa moja, watoto ishirini na wawili: uchambuzi wa kisa cha maambukizi ya damu katika chumba cha watoto wachanga mahututi

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, Tanzania Bara. Jina la hospitali, mwaka, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto, mzazi au mtumishi vimeondolewa. Kwenye mafaili watoto hawa waliandikwa kama tunavyoandika siku zote, "mtoto wa fulani". Hapa nitawataja kwa namba. Nilikuwa mmoja wa wauguzi wa zamu kipindi hicho, kwa hiyo kila nitakaposema "tulikosea", na mimi nimo.

Chumba chenyewe

Chumba kilipangwa kiwe na vitanda 14. Wiki kisa kilipoanza tulikuwa na watoto 22, baadhi wakilala wawili wawili chini ya taa moja ya joto. Usiku tulikuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Sinki lilikuwa moja, karibu na mlango, na ukitoka kitanda cha mwisho kwenda kunawa unapita watoto kumi njiani.

Miezi minane kabla ya hapo tulikuwa tumeanza kuwawekea njiti wadogo mipira ya kitovuni. Aliyewahi kumtafutia mshipa mtoto wa kilo moja anajua ahueni yake. Badala ya kumchoma mikononi, miguuni na hatimaye kichwani, daktari anapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kitovu siku ya kwanza, na kwa siku kadhaa maji na dawa vinapita bila vita. Wengine waliohitaji maji au dawa za mshipani, wale wenye uzito mkubwa kidogo, walitumia kanula za kawaida, yaani vibomba vifupi vinavyochomwa kwenye mshipa wa mkono au mguu.

Sasa toroli. Kila zamu ilikabidhiwa toroli moja, na ningeomba msomaji aitazame vizuri. Kulikuwa na kopo la pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi, ambazo kufika jioni zilikuwa na unyevu tu, spiriti yenyewe imeshapaa. Kulikuwa na vipande vya plasta vilivyokatwa mapema na kubandikwa ukingoni mwa toroli, tayari kwa kufungia kanula. Kulikuwa na banzi za kunyooshea mkono wa mtoto, zilizokatwa kutoka maboksi ya glovu na kuzungushiwa plasta. Na kulikuwa na chupa mbili za nusu lita. Moja ilikuwa ya maji ya sukari ya asilimia 10, tuliyoyachanganya wenyewe kwa kuongeza dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 50 kwenye ile ya asilimia 5, kwa sababu ya asilimia 10 yenyewe ilikuwa haipatikani. Ya pili ilikuwa ya maji ya chumvi ya kusukumia dawa na kuzibulia kanula. Hiyo ya pili ilikuwa na sindano imechomekwa kwenye kizibo saa zote, ili anayehitaji mililita moja avute na kuendelea.

Chupa hizo hazikutokana na uzembe. Mtoto wa gramu 1,200 anayepewa mililita 80 kwa kilo kwa siku anahitaji mililita 96 tu kwa saa 24. Ukimfungulia chupa yake ya mililita 500, zaidi ya mililita 400 zinamwagwa. Kwa maji ya kuzibulia kanula, hesabu ni mbaya zaidi: mililita moja inatumika, 499 zinabaki. Katika stoo ambayo mwisho wa mwezi huwa tupu, nani angekubali kumwaga? Muuguzi aliyegawa chupa moja kwa watoto wote alionekana mtunzaji, na aliyefungua chupa mpya kila mara aliulizwa.

Mfululizo wa matukio

Siku ya 1. Mtoto wa kwanza, wa wiki 29, gramu 1,180, alikuwa na umri wa siku sita na mpira wa kitovuni tangu kuzaliwa. Usiku alianza kusahau kupumua, rangi ikageuka ya majivu, tumbo likajaa. Daktari tarajali alichukua mililita moja ya damu kwa ajili ya kuotesha, yaani maabara ione kama ina vimelea, akabadilisha antibiotiki za kuanzia, ampisilini na jentamaisini, kuwa dawa za mstari wa pili. Mpira uliachwa. Sababu iliyoandikwa kwenye faili ni moja: hakuna mshipa mwingine.

Siku ya 3 alifariki. Siku ya 4 maabara ilipiga simu: damu yake imeotesha bakteria aitwaye klebsiela, sugu kwa antibiotiki za jentamaisini na seftriaksoni. Siku hiyohiyo mtoto wa pili, njiti mwenye mpira wa kitovuni, alianza dalili zilezile. Siku ya 6 akafuata wa tatu, naye ana mpira.

Jioni ya siku ya 6 kilifanyika kikao. Watoto watatu, mipira mitatu. Hukumu ilitoka ndani ya robo saa. Mipira ya kitovuni ilisimamishwa. Chumba kilioshwa kwa klorini, ukuta hadi dari, huku watoto wamehamishiwa korido kwa nusu siku. Akina mama, waliokuwa wakiingia kila saa tatu kunyonyesha au kukamua, wakawekewa ratiba ya mara mbili kwa siku "kupunguza wadudu". Mtoto wa pili alifariki siku ya 7. Wa tatu alitolewa mpira, akaanzishiwa antibiotiki ya meropenemu baada ya majibu yake kutoka, akaanza kupata nafuu.

Siku ya 9 akaugua mtoto wa nne. Huyu alikuwa na gramu 1,900, alilazwa baada ya ule usafi mkubwa, na hakuwahi kuwekewa mpira wa kitovuni, alikuwa na kanula ya mkononi tu. Siku ya 12 akaugua wa tano: mchanga aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia miezi tisa, kilo 3.1, aliyelazwa kwa kuchelewa kulia. Naye kanula tu. Wote wawili damu ziliotesha klebsiela yenye usugu uleule.

Usiku wa siku ya 13 mwenzangu wa zamu, muuguzi aliyekuwa na miezi mitano tu kazini, alichukua boksi tupu la glovu na kuchora jedwali mgongoni mwake. Hakuandika nani alilala wapi, maana hilo lilishaandikwa. Aliandika kila mtoto ameingiziwa nini kwenye mshipa, na kimetoka wapi. Kisha akaongeza safu ambayo hakuna aliyeifikiria kwenye kikao: watoto wasiokuwa na mpira wala kanula. Walikuwa sita, wakilishwa kwa mrija au kikombe. Walikuwa chumba kilekile, wanashikwa na mikono ileile, wawili kati yao walishalala kitanda kimoja na mgonjwa. Hakuna aliyeugua.

Nakumbuka alivyoniambia: "Dada, ingekuwa hewa au mikono tu, hawa nao wangeumwa. Hii kitu inaingia kwenye mshipa." Tulitazama toroli. Alivua kizibo chenye sindano, akaweka chupa zote mbili pembeni na kuandika "zisitumike, zisitupwe". Kutozitupa kulikuwa uamuzi bora kuliko wote katika kisa hiki, na ulifanywa saa tisa usiku bila kikao.

Siku ya 14 mteknolojia wa maabara alichukua sampuli kutoka chupa zote mbili, tundu la sinki na chupa ya mashine ya kunyonyea makohozi. Siku ya 16 majibu: maji ya chumvi yameotesha klebsiela yenye usugu uleule, maji ya sukari ya siku ile hayakuotesha kitu, tundu la sinki limeotesha klebsiela pia.

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulihusu chupa, na ndio uliokuwa mgumu kuutetea mbele ya famasia. Kila mtoto apate chupa yake, yenye namba ya faili, saa ya kufunguliwa na saa ya kutupwa, isiyozidi saa 24. Maji ya kuzibulia kanula yatoke kwenye vichupa vya mililita 10 vya kutumia mara moja. Hakuna sindano kubaki kwenye kizibo, hata kwa dakika moja. Mchanganyiko wa sukari uhamie chumba cha famasia, mbali na sinki letu, uchanganywe na mtu mmoja kila asubuhi. Mfamasia aliuliza swali la haki: kama chupa ya sukari haikuotesha, kwa nini tuiguse? Jibu letu ni kwamba chupa za siku za mwanzo zilishatupwa zamani, na kwamba klebsiela na jamaa zake hukua vizuri kwenye maji ya sukari katika joto la kawaida la chumba, bila maji kubadilika rangi. Chupa inaweza kuwa imejaa vimelea nawe ukaiona safi kama kioo. Jambo hili si geni: mwaka 1970 na 1971 hospitali nyingi za Marekani zilipata mlipuko wa maambukizi ya damu uliotokana na vifuniko vya chupa za dripu kuchafuka tangu kiwandani, na vimelea vilikuwa vya ukoo huohuo. Sisi hatukuhitaji kiwanda. Tulikuwa na sindano kwenye kizibo.

Wa pili ulihusu mdomo wa mpira, pale bomba la sindano linapounganishwa. Tulikubaliana kuusugua kwa pamba yenye spiriti mbichi kwa sekunde 15 na kuuacha ukauke kabla ya kuunganisha. Kopo la pamba za asubuhi liliondolewa. Kwa ngozi kabla ya kuchoma, tulibishana. Klorheksidini inaua vizuri na inabaki kwenye ngozi, lakini kwa njiti inaweza kuunguza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2012 kwa watoto wa chini ya miezi miwili. Iodini nayo inanyonywa na ngozi laini na kuweza kusumbua tezi ya shingo. Tukachagua iodini kwa uchache, iachwe ikauke, kisha ifutwe kwa maji safi ya kuchomea. Wengine wangechagua vingine na wasingekuwa wamekosea.

Wa tatu ulikuwa swali. Kila asubuhi kwenye raundi, kabla ya kujadili dawa, anayemhudumia mtoto aulize kwa sauti: "Mpira huu ni wa kazi gani leo?" Jibu la "ikitokea akihitaji" halikubaliki. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2011 uliruhusu mpira wa mshipa wa kitovu ukae hadi siku 14 ukitunzwa vizuri. Sisi tuliweka kikomo cha siku saba kwa kujua hali ya chumba chetu. Mtoto akishafikisha mililita 120 za maziwa kwa kilo kwa siku, mpira unatoka hata kama ni siku ya nne.

Hapo ndipo tukalazimika kuwaomba radhi akina mama. Kinachoondoa mpira haraka kuliko dawa yoyote ni maziwa yao, nasi ndio tuliokuwa tumewafungia mlango. Ratiba ya mara mbili kwa siku ilifutwa. Njiti waliokuwa wametulia waliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, hata wenye kanula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ulionyesha kwamba kumweka njiti kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri atulie kwanza, kulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Vimelea vya ngozi ya mama ni wageni wema kuliko vya toroli yetu.

Wa nne ulihusu mamlaka. Muuguzi yeyote anayeshuhudia mpira ukiwekwa, akiona glovu imegusa ukingo wa kitanda, aseme "simama", na anayeweka asimame. Hili tuliliazima Michigan, jimbo la Marekani, ambako wodi 103 za wagonjwa mahututi zilitumia orodha fupi ya hatua tano pamoja na ruhusa hiyo ya kumsimamisha daktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha wastani wa kati wa maambukizi ukishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mpira hadi sifuri ndani ya miezi mitatu. Wagonjwa wale hawakuwa vichanga, na Michigan si kwetu, lakini ruhusa ya kusema haitegemei uzito wa mgonjwa.

Kwa mikono, famasia ilitengeneza kitakasa mikono kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, 145 za gliserini, zilizobaki maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kila kitanda kikapata chupa yake. Safari ya kwenda sinki ikaisha.

Matokeo

Baada ya mtoto wa tano hatukupata tena klebsiela yenye usugu ule kwa miezi mitatu tuliyofuatilia. Watoto wa tatu, wa nne na wa tano waliruhusiwa kwenda nyumbani. Wawili walifariki. Katika miezi hiyo mitatu damu ya mtoto mmoja mwenye mpira iliotesha stafilokokasi, bakteria wa ngozi. Mpira ulitolewa siku hiyohiyo, akapona.

Mipira ya kitovuni ilirudishwa baada ya wiki tano. Iliwekwa michache zaidi na ilikaa siku chache zaidi.

Mwezi wa pili vichupa vya mililita 10 viliisha. Kwa siku nne tulirudi kwenye chupa ya pamoja, safari hii bila sindano kwenye kizibo, ikitupwa kila baada ya saa nane. Hakuna aliyeugua. Siwezi kuiita siku nne za ushindi; tulibahatika.

Uchambuzi

Kosa la kwanza ni la kufikiri, si la mikono. Watoto watatu wa mwanzo walikuwa na mipira ya kitovuni, na mipira ilikuwa kitu kipya, kwa hiyo ikawa rahisi kuishtaki. Hatukujiuliza kama watoto wasiougua nao walikuwa na mipira, na walikuwepo wanne. Jedwali la mgongoni mwa boksi lilifaa kwa sababu liliwahesabu wazima. Na kama tungefuata maana rasmi ya maambukizi ya mpira wa kati (mpira unaofika mishipa mikubwa karibu na moyo, kama wa kitovuni), ile inayotaka mpira uwe umekaa zaidi ya siku mbili na haihesabu kanula za mkononi, watoto wa nne na wa tano wasingeingia kwenye hesabu kabisa. Tungekuwa na watatu, wote wenye mipira, na ushahidi ungeonekana umekamilika. Kwenye hospitali zetu, ambako kanula ni nyingi kuliko mipira, kuhesabu mipira tu ni kutafuta penye mwanga wa taa badala ya ulipodondosha pesa.

Usafi wa ukuta na dari ulitufanya tujisikie tumefanya kitu. Ulituchosha, ukawapoza watoto koridoni, na maji ya klorini hayakugusa chupa hata moja. Sisemi chumba kisioshwe. Nasema tuliosha tulichokiona.

Kumwacha mtoto wa kwanza na mpira wake ni jambo ambalo bado tunabishana. Klebsiela kwenye damu na mpira ukiwa ndani ni vigumu kuishinda, kwa kuwa vimelea hujijengea utando kwenye ukuta wa mpira na dawa haiufikii. Daktari aliyeuacha aliogopa kumpoteza kwa kukosa njia ya maji. Sasa tungejaribu kumpatia kanula kwanza, hata kwa kuita mtaalamu wa dawa za usingizi aje atafute mshipa, kisha mpira utoke usiku huohuo. Sijui kama angepona.

Ushahidi wetu una tundu, na lisizibwe kwa maneno. Usugu unaofanana hauthibitishi kwamba kimelea ni kilekile. Maabara yetu haina uwezo wa kusoma vinasaba. Huenda chupa ilichafuliwa na mikono iliyotoka kwa wagonjwa, na sio chupa iliyowachafua wagonjwa. Dhana tunayoiamini ni kwamba vilianzia kwenye tundu la sinki, vikarukia mikono au toroli iliyoegeshwa jirani, vikaingia chupani kupitia sindano ile. Lakini tulibadilisha mambo sita kwa wiki moja, kwa hiyo hatuwezi kusema ni lipi lililofanya kazi. Pia hatukuwa tunahesabu siku za mpira kabla ya kisa, hivyo hatuna kiwango cha awali cha kulinganisha. Sasa kuna daftari: kila usiku wa manane muuguzi anaandika watoto wangapi wana mpira, wangapi kanula. Inachukua dakika mbili.

Neno "simama" lilikuwa gumu kuliko tulivyodhani. Wiki ya kwanza hakuna aliyelitamka. Binti wa miaka 24 anayempa daktari bingwa shikamoo kila asubuhi hawezi kumwambia asimame kwa sababu tu karatasi imesema. Lilianza kutumika siku bingwa mwenyewe alipogusa kwa makusudi ukingo wa kitanda, akanyamaza, akasubiri. Ukimya ulikuwa mrefu. Mwishowe mhudumu, wala si muuguzi, akasema: "Daktari, samahani, glovu." Akashukuru, akavaa nyingine. Tangu hapo tunasema "samahani, glovu", na kila mtu anaelewa maana yake ni "simama".

Banzi za maboksi bado zipo. Boksi halioshwi wala halichemshwi, na plasta inayolizungushia hunyonya maji, maziwa na mikojo. Tulijaribu za plastiki. Zilikuwa ngumu kwa mkono wa mtoto wa kilo moja na ziliacha alama. Kwa sasa kila mtoto anakatiwa yake mpya, na anapotolewa kanula inatupwa pamoja nayo. Wiki iliyopita nilikuta mbili zimehifadhiwa kwenye droo.